Moto ulibaki stoo, moshi ukaingia sebuleni: bima ya nyumba inalipa nini?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nyumba yangu iko Kihesa, Iringa mjini. Wiki tatu zilizopita, usiku, stoo iliyoungana na nyumba kubwa ilishika moto. Kijana wetu alikuwa anaota jiko la mkaa humo kwa sababu ya baridi, akaenda kulala akaliacha karibu na godoro kuukuu. Majirani walizima kwa ndoo za maji na mchanga. Kilichoungua ni godoro, mlango wa stoo na nyaya za taa. Lakini moshi ulipita darini ukatokea sebuleni na vyumba viwili. Dari la jipsamu limekuwa jeusi, mapazia na makochi yananuka, televisheni inawaka na kuzima. Bima ninayo, nilikatiwa na benki nilipochukua mkopo wa kumalizia nyumba. Nilipompigia wakala akasema, "Mama, hiyo ni bima ya moto, si ya moshi. Sebule haikuungua." Ni kweli? Na jikoni, ambako kuta zimekuwa nyeusi kwa kuni miaka mingi, naweza kuunganisha kwenye dai hilohilo? Ukuta mmoja wa sebule nimeshausugua kwa sabuni.

Jibu:

Marahaba mwalimu, na pole sana. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Wakala wako amekosea. Dari, rangi ya kuta na nyaya zilizoharibiwa na moshi ule unaweza kuzidai kwenye bima ya moto, hata kama sebuleni hapakufika mwali hata mmoja. Makochi, mapazia na televisheni nina wasiwasi navyo, ila wasiwasi wangu hautokani na moshi, nitafika huko. Jikoni usipaguse kabisa kwenye dai hili, utaliharibu lote.

Nimekadiria hasara za bima kwa miaka mingi, kutoka Tukuyu hadi Makambako, na kauli ya "bima ya moto, si ya moshi" nimeisikia mpaka nimeizoea. Wakati mwingine naisikia kwa mteja mwenyewe, amekwisha kukata tamaa kabla hajauliza mtu. Inatokana na kusoma hati ya bima kama mtu asomavyo karatasi ya kutumwa sokoni. Anashusha kidole: moto, radi, mlipuko, tetemeko la ardhi, mafuriko, kupasuka kwa matangi ya maji, wizi. Neno moshi halioni. Anakunja karatasi, anarudisha kabatini.

Wenzetu wa Marekani neno hilo wanaliona. Hati zao za kawaida za nyumba huutaja moshi kuwa janga linalojitegemea, mradi uharibifu uwe wa ghafla na wa bahati mbaya. Kisha huondoa moshi wa viwandani na ule ambao wakulima huufukiza makusudi kwenye bustani za matunda usiku wa baridi ili sakitu isiue maua. (Wakulima wa parachichi wa Njombe, najua mmetabasamu.) Hati nyingi za nyumba zinazouzwa huku kwetu hazina mstari wa namna hiyo. Lakini kutotajwa si kukataliwa. Moto umetajwa, na moshi wa moto ni mtoto wake. Hauhitaji kusajiliwa peke yake.

Anachofanya mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, akifika kwako ni kurudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwenye doa jeusi mpaka kwenye chanzo. Dari la sebule jeusi: limetiwa weusi na moshi. Moshi umetoka darini. Darini umetoka stoo. Stoo kulikuwa na godoro linaloungua ambalo halikutakiwa kuungua. Mnyororo haukukatika mahali, hakuna jambo jipya lililoingia katikati, basi hasara yote ni ya moto. Kwa mantiki hiyohiyo, maji ya kuzimia yaliyolowesha sakafu ni hasara ya moto, na mlango ambao majirani waliuvunja ili waingie ni hasara ya moto. Hata kama ungekuwa moto wa nyumba ya jirani, moshi ukavuka ukuta ukaingia kwako, jibu lingekuwa lilelile.

Nadhani najua hata njia ambayo moshi wako ulipita. Mafundi wetu wengi wakifika kwenye lenta huacha hapo. Kuta za ndani hazipandi mpaka kwenye bati. Juu ya dari kunabaki uwazi mmoja mrefu, kutoka stoo hadi chumba cha wageni. Moshi wa moto hupanda, ukafika juu ya stoo ukakuta barabara tupu. Ukishuka, hushukia kwenye matundu ya taa na kwenye maungio ya jipsamu. Mtafute mtu apande na tochi apige picha masizi yaliyoko kwenye mbao za kenchi, kuanzia stoo kuelekea sebuleni. Masizi hayo ndiyo ushahidi wako mkubwa, na sijui kama umewahi kuyaona.

Sasa, upande wa pili. Upo moshi ambao bima ya moto hailipi, na mpaka wake una historia. Mwaka 1816 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Austin dhidi ya Drewe. Kiwanda cha kusafishia sukari kilikuwa na dohani iliyopita ghorofa zote, na huko juu kulikuwa na kifuniko kilichofungwa usiku ili joto libaki ndani. Asubuhi moja mfanyakazi aliwasha moto kama kawaida, akasahau kufungua kifuniko. Moshi na joto vikarudi ndani ya jengo, sukari ikaharibika. Bima ya moto ilikuwapo. Mahakama ikasema hapana: moto wenyewe haukutoka pale ulipotakiwa kuwa, kosa lilikuwa la kifuniko.

Mwaka 1941 likaja shauri la Harris dhidi ya Poland. Mwanamke mmoja aliogopa wezi, akaficha vito vyake kwenye meko, chini ya makaa ambayo hayajawashwa. Akasahau. Jioni akawasha moto. Kampuni ikaja na hoja ya sukari, kwamba moto ulikuwa mahali pake. Jaji akaikataa, mama akalipwa, kwa kuwa kilichoungua hakikuwekwa pale ili kiungue. Uamuzi wa kwanza unaangukia kabla ya tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria yetu imeiweka kuwa mpaka wa kupokea sheria ya Uingereza. Wa pili mahakama zetu zinaweza kuusikiliza bila kufungwa nao. Ukisoma yote mawili unapata kipimo kinachotosha kazi ya kila siku: pawepo kitu kilichoshika moto ambacho hakikutakiwa kushika moto. Kuni ndani ya jiko si kitu hicho. Godoro lako ni kitu hicho hasa.

Mimi mwenyewe kipimo hicho kimewahi kunikata. Nyumbani kwangu Uyole, sufuria ya maharage iliachwa jikoni tukaenda msibani jirani. Tuliporudi maji yalikuwa yamekauka zamani, maharage yamekuwa mkaa, na nyumba nzima ina ule moshi wa chakula kilichoungua, ambao kwa macho huuoni sana lakini unang'ang'ania kwenye rangi na nguo kama gundi. Tulipaka rangi upya vyumba vitatu. Nilipeleka dai kwenye kampuni yangu kwa ujeuri wa mtu wa kazi hiyo, wakanikatalia kwa barua ya mistari minne. Hakukuwa na mwali, maharage yaliiva kupita kiasi tu, na moto ulibaki chini ya sufuria. Walikuwa sahihi. Mke wangu mpaka leo haamini kwamba mtu anayelipwa kwa kazi ya bima hakuweza kulipwa sufuria.

Kwa hiyo jiko lako la mkaa lingefuka usiku kucha likatia weusi ukuta wa stoo bila kushika godoro, ningekwambia usahau. Na hapo ningekuonya jambo lingine ambalo halihusu bima: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inawafanya watu wasahau. Mwambie kijana.

Utauliza, kwani si uzembe wake ndio ulioleta moto? Ndiyo, na bima haijali. Watu hukata bima kwa sababu wanadamu huzembea. Kinachofuta dai ni kuchoma makusudi, au kuficha jambo ulipokuwa unajaza fomu. Kama stoo ile ilikuwa inahifadhi petroli ya kuuza kwa chupa, au ilikuwa na biashara ya kukaanga ambayo hukuisema, hapo utakuwa na mazungumzo marefu. Stoo ya godoro na ndoo haina tatizo.

Tuje jikoni. Kuta zilizokuwa nyeusi kwa kuni kwa miaka mingi ni uchakavu, kama bati linaloshika kutu. Hati za nyumba huondoa hasara inayokuja polepole, na hata kama zisingeondoa, ni moto uleule wa maharage yangu, uliokaa mahali pake. Ila sababu kubwa ya kukukataza ni nyingine. Mkadiria akiona umeingiza weusi wa miaka kumi kwenye dai la wiki tatu, ataanza kuitazama sebule yako kwa jicho la shaka.

Na ataona, usidhani hataona. Masizi ya kuni yanayojijenga taratibu yana rangi ya kahawia, yananata, yamejipanga matabaka kama vanishi, na vumbi limezama ndani yake. Masizi ya godoro la sponji ni meusi, yamelala juu ya vumbi, ukipitisha pamba nyeupe yanakuja yote kwa mkupuo. Mimi nikifika nyumbani kwa mtu, kitu cha kwanza nashusha picha ya ukutani. Nyuma yake kukiwa na mraba safi mweupe na pembeni pote peusi, najua weusi umekuja baada ya picha kutundikwa. Kisha nafunua mikunjo ya pazia: nje nyeusi, ndani ya mkunjo nyeupe, maana yake moshi ulikuja pazia likiwa limetulia hivyohivyo, mara moja. Halafu natazama dari. Moshi wenye joto huacha masizi zaidi mahali penye ubaridi, kwa hiyo kwenye jipsamu utaona vidoa vyeusi vimepangana mstari mnyoofu kila penye skrubu, na pembe za kuta za nje zitakuwa nyeusi kuliko kuta za katikati. Usiku wa baridi wa Iringa michoro hiyo hutoka vizuri kama ramani. Pembeni juu unaweza kukuta nyuzi nyeusi zinazoning'inia kama utando wa buibui. Si buibui. Ni chembe za masizi zimeshikana zenyewe, hasa pakiwa pameungua plastiki. Wengi huzifagia siku ya kwanza kwa sababu zinatia aibu. Kama zako zipo, zipige picha kabla mtu hajaleta fagio.

Kabla sijaenda kwenye benki, neno moja kwa wanaosoma hapa kutoka Mafinga na vijiji vinavyopakana na msitu wa Sao Hill, kwa sababu najua watachukua jibu la mwalimu na kulibeba kwao. Hati nyingi za moto nilizozisoma bado zina sharti la zamani linaloondoa hasara inayotokana na kuungua kwa misitu, nyika na mbuga, na pia kusafisha mashamba kwa moto. Sharti hilo tumelirithi kutoka hati za Waingereza. Hati nyingine zinataja mpaka pampas, nyasi za Argentina, ambazo mtu wa Mufindi hajawahi kuziona. Lakini sharti linafanya kazi. Kama nyumba yako iko pembeni ya misonobari, omba kampuni ikuandikie nyongeza inayorudisha moto wa msitu ndani ya bima, ulipe kidogo zaidi. Moshi wa msimu wa kuchoma mashamba, ule wa Septemba na Oktoba unaofanya macho yawashe, huo hakuna wa kumdai.

Benki sasa. Hapa ndipo penye wasiwasi wangu.

Bima kamili ya nyumba huwa na sehemu kadhaa. Sehemu ya kwanza ni jengo: kuta, paa, dari, milango, makabati yaliyojengewa, nyaya. Ya pili ni vitu vya ndani: makochi, mapazia, nguo, vyombo, televisheni. Zinafuata sehemu za vitu unavyotembea navyo, wafanyakazi wa nyumbani, na madai ya watu wengine dhidi yako. Benki inapokukatia bima kwa ajili ya mkopo inalinda dhamana yake, na dhamana yake ni jengo. Makochi yako hayaihusu. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba una sehemu ya kwanza tu. Nenda tawini kesho, omba nakala ya hati yote, na nasisitiza yote. Wengi wana ile karatasi moja ya cheti na hawajawahi kuona masharti. Kama sehemu ya vitu vya ndani ipo, dai televisheni na makochi bila hofu, kwa sababu ileile ya mnyororo. Kama haipo, hutalipwa, na hapo wakala atakuwa amekupa jibu linalofanana na la kweli kwa sababu isiyo ya kweli.

La pili ni kiasi. Angalia thamani ya bima iliyoandikwa. Mara nyingi nakuta benki imekatia kiasi cha mkopo, si gharama ya kuijenga nyumba upya. Tuseme mkopo ulikuwa shilingi milioni 35 na bima ni milioni 35, lakini kuijenga nyumba ile leo, kwa bei ya leo ya saruji na bati, ni milioni 90. Fundi amekadiria dari, rangi na nyaya milioni 5.4. Utadhani utalipwa 5.4 kwa sababu ni ndogo kuliko 35. Hapana. Ipo kanuni ya wastani: umekatia bima sehemu 35 katika 90, basi kila hasara utalipwa sehemu hiyohiyo. Milioni 5.4 zidisha kwa 35, gawanya kwa 90, unapata milioni 2.1. Kisha wanatoa eksesi, kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10 ya dai, unabaki na shilingi 1,890,000. Watu wamelia mbele yangu kwa hesabu hii, na wengine wamedhani nimekula njama na kampuni. Muulize ofisa wa mikopo kama hati yako ina kanuni hiyo. Ikiwa nayo, ongeza thamani ya bima mwaka ujao uhuishapo, tofauti ya ada ni ndogo kuliko unavyodhani.

Fedha zenyewe, kwa kuwa jina la benki limeandikwa kwenye hati kuwa mlipwaji wa kwanza, zinaweza kupitia kwao. Kwa dai dogo la ukarabati, benki huwa inakubali kuandika barua kwamba haina pingamizi ulipwe wewe au fundi. Iombe mapema, hizo barua husafiri polepole.

Sasa hatua, na hapa nitakuharakisha kidogo kwa sababu wiki tatu zimeshapita. Kumpigia wakala simu si kutoa taarifa. Leo hii andika barua kwa kampuni ya bima, nakala benki: tarehe ya moto, saa, ulipoanzia, kilichoungua, kilichoharibiwa na moshi. Tumia hasa maneno hayo, "moto ulioanzia stoo na moshi wake", usiandike "uharibifu wa moshi" peke yake, maana karani atakayeifungua anaweza kuwa na orodha ileile ya wakala. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hati hudai taarifa mara moja, na maelezo kamili ndani ya siku zilizotajwa. Kama umechelewa, eleza kwamba ulimpigia wakala siku fulani naye akakwambia hakuna dai. Hilo litakusaidia. Rekodi ya simu unayo kwenye simu yako.

Polisi chukua taarifa. Zimamoto pia, ingawa hawakuzima wao. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina ofisi Iringa, unaweza kuwaomba waje wakague chanzo na kuandika ripoti, na ripoti inayosema "godoro" ina thamani kuliko barua zako kumi. Siku nyingine piga 114 hata kama majirani wameshamaliza kazi. Tafuta makadirio ya mafundi wawili kwa maandishi, fundi jipsamu na fundi umeme, yakitaja vipimo vya kila chumba. Anayeweza kutoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, atakurahisishia mwisho wa safari.

Mkadiria atakayekuja analipwa na kampuni, lakini hapaswi kuwa upande wake. Mkaribishe, mwonyeshe stoo kwanza ndipo sebule, kwa mpangilio ambao moshi ulipita. Usimwongoze kwa kilio, mwongoze kwa masizi.

Wakikataa, wakatae kwa maandishi na wataje kipengele cha hati wanachokitegemea. Hili ni haki yako kuliomba, na nimeona kukataliwa kwingi kwa mdomo kukiyeyuka pale mtu alipotakiwa kuandika namba ya kipengele. Kumbuka wakala anauza bima, haamui madai. Wakiandika na bado huridhiki, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambako mtu anafika bila wakili. Usikae na barua ya kukataliwa mwaka mzima ukiitafakari, kwani hati nyingi zina ukomo wa muda wa kulipeleka jambo mbele.

Limebaki la sabuni. Bima inakutaka ujitahidi hasara isizidi, yaani ufanye kama mtu asiye na bima, lakini pia inataka kuona hasara yenyewe. Watu huchanganyikiwa hapo. Kufungua madirisha, kutoa godoro lililoungua nje, kukausha maji: fanya. Kupaka rangi, kung'oa dari, kutupa makochi: subiri mkadiria, na akichelewa andika barua nyingine useme unasubiri. Kusugua ukuta kwa maji ya sabuni kuna ubaya wake mwingine. Masizi ya sponji yana mafuta, ukiyalowesha yanaingia ndani ya rangi na kuacha mawimbi ya kijivu ambayo hayatoki tena. Bila shaka umeyaona. Kuta zilizobaki fundi atazifuta kikavu kwanza, kwa sponji kavu maalumu ya masizi au angalau brashi laini, kisha primer, yaani rangi ya msingi ya kuziba madoa, ndipo rangi yenyewe. Bila primer, weusi na harufu vitarudi mvua za kwanza zikianza. Hakikisha fundi wako anaiandika primer kwenye makadirio, maana ni gharama ambayo watu husahau kuidai.

Ule ukuta uliouosha usiuguse tena. Mwambie mkadiria ukweli, kwamba uliusugua siku gani na kwa nini, umwonyeshe ulio jirani yake.

Televisheni chomoa kabisa. Nyaya za plastiki zikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu, na ndoo za majirani zilimwaga unyevu wa kutosha, hugeuka asidi haidrokloriki. Asidi hiyo inakaa juu ya saketi na kula shaba kidogo kidogo, kila ukiiwasha unaisaidia. Fundi wa elektroniki anaweza kuisafisha kama haijachelewa, naye aandike alichokiona ndani. Friji nayo, futa mpira wa mlango na nyuma kwenye mabomba.

Na mapazia, najua harufu inakukera. Fua yote isipokuwa moja tu: lile la dirisha lililo karibu na mlango wa kuelekea stoo, lishushe taratibu bila kulikung'uta, likunje mikunjo yake ileile, litie kwenye mfuko mweupe wa nailoni ulifunge. Siku mkadiria akifika, mfungulie mezani.